Maji ya kisima yenye kutu na harufu ya mayai viza

Mkaazi wa Kisauni:
Ndugu zangu, maji ya kisima chetu hutoka maangavu, lakini yakilala ndooni hugeuka rangi ya kutu na kuzitia kanzu madoa. Tena yananuka mayai viza. Je, klorini peke yake yatosha?

Fundi wa visima:
Haitoshi, dada, kwa sababu chuma kilichoyeyuka majini na gesi ya salfa iletayo harufu hiyo huimaliza klorini kabla haijawafikia vijidudu. Kwanza yapitishe maji kwenye bomba lenye matundu, yaanguke tangini kwa manyunyu, ili hewa ipunguze harufu na kukifanya chuma kuwa chembe za kutu; yaache yatuame, yachuje kwa mchanga, ndipo utie klorini na kungoja nusu saa.

Mhudumu wa afya, Likoni:
Mimi nahofia zaidi kisichoonekana. Mwamba wetu wa matumbawe una nyufa zinazopitisha maji ya choo upesi hadi kisimani. Peleka sampuli maabara: katika mililita 100 hafai kupatikana hata bakteria mmoja wa E. coli, anayeonyesha kuwa kinyesi kimeingia majini. Kwa sasa, ya kunywa yachemsheni.

Mkaazi wa Kisauni:
Ahsanteni sana. Choo cha jirani ki karibu mno na kisima chetu, kwa hivyo nitaanza na maabara.