Programu ya chess imekula mechi zangu zote halafu ikaniwekea TIKI YA KIJANI

Mzee wa Gambiti
Wakuu, nimewaka. Hii programu mnaijua sina haja ya kuitaja, ile kila mtu anakwambia "hamia huku mkuu ndo ya kisasa", ile inajiapdeti kila ukipiga chafya. Leo imenifanyia unyama ambao hata mtalaka wangu hakuwahi kuufikiria.

Nina faili langu la PGN, yaani faili la maandishi la kuhifadhi mechi za chess, mechi za klabu yetu zote, nimekesha nalo naandika maelezo, hapa mweusi angepeleka farasi d4, hapa mimi natoa ngome sadaka na nimejiwekea alama mbili za mshangao, yaani hatua nzuri sana, maana nilistahili. Nikalifungua humo, likafunguka vizuri tu, nikasevu. Ikaniletea tiki ya kijani, "Imehifadhiwa kikamilifu". KIKAMILIFU.

Nafungua tena nakuta karibu mechi zote zimekatika pale mfalme anapojificha, ile hatua ya mfalme na ngome kupishana. Programu yangu ya zamani inaandika 0-0 kwa sifuri, hii ya kisasa ikiona sifuri inazimia, inatupa kila kitu kilichobaki, halafu inasevu juu ya faili lilelile na inatabasamu. Oneni wenyewe:

1. e4 e5 2. Nf3 Nc6 3. Bb5 a6 4. Ba4 Nf6 1-0

Yaani jamaa kacheza hatua nne za kawaida kabisa kisha kanyoosha mikono. Kwa nini? Kaona sura yangu? Na kinachoniuma, sifuri ya kwenye 1-0, yaani mweupe kashinda, inaisoma vizuri tu! Sifuri ya matokeo sawa, sifuri ya mfalme haramu. Ni fundi cherehani kakukatia suruali magotini halafu anakwambia "bosi imekaa". Tena kwa tiki. Ya kijani.

Alama zangu mbili za mshangao imeziacha kwenye mechi moja ambayo sijui ilisalimikaje, ila imeziandika $3. Mtu akisoma anajua ngome nimeiuza dola tatu.

kijana_wa_e4
Dola tatu kwa ngome siyo mbaya mkuu, mimi zangu nagawa bure 😂😂

Bint Sataranji
Ngoja nicheke kwanza nitarudi kutoa pole. "Kaona sura yangu" 😭

Hakimu Mstaafu
Mleta mada punguza povu. Kosa ni la faili lako. Kiwango cha PGN alichokiandika Steven Edwards miaka ya 1990 kinasema wazi, kumficha mfalme ni herufi O kubwa, O-O, siyo namba sifuri. Na hiyo $3 nayo ni halali kabisa, $1 ni hatua nzuri, $2 mbaya, $3 ndo mshangao mara mbili. Programu imefuata sheria.

Mzee wa Gambiti
Hakimu mimi nimekuuliza sheria? FIDE wenyewe, shirikisho la chess la dunia, kwenye sheria zao wanaandika 0-0 kwa sifuri, nao nikawaambie wana povu? Haya tuseme faili langu ni jambazi. Likatae basi! Sema "hili sifungui". Siyo unalipokea, unalichinja, halafu TIKI.

Hakimu Mstaafu
Kopi ya akiba iko wapi?

Bint Sataranji
Mmh Hakimu hapo umempiga chini ya mkanda

kijana_wa_e4
Kopi ya akiba imekimbia hatua ya nne

Tonton wa Lushi
Bandugu, miye niko Lubumbashi, muache nami nilie kidogo. Huku tunaandika kwa Kifaransa, farasi ni C, ngome ni T, na R ni roi, mfalme. Programu hiyohiyo ya tiki inataka herufi za Kiingereza tu. Basi nikabadilisha herufi zingine zote, ile R ya mfalme ikabaki ilivyo. Kuna mahali mfalme anasogea f1, imeandikwa Rf1. Kwa Kiingereza R ni ngome, basi programu ikasoma ni ngome, ikaitoa h1 ikaileta f1, mfalme kasimama palepale e1, haikukohoa hata kidogo. Mbele huko mfalme anauawa kwenye nyumba ambayo hajawahi kukanyaga.

kijana_wa_e4
Mfalme kafa bila kuhudhuria 😂😂😂

Mzee wa Gambiti
Tonton pole, ila wewe angalau mechi imefika mwisho. Mimi tiki ile naiona hata nikifumba macho.

Fundi Simu Mbagala
Hayo ya mechi madogo. Mimi nimenunua kitabu cha ufunguzi, lile faili la hatua za kuanzia mechi, kwa hela yangu, ni aina ya CTG, nimehama programu naambiwa lete aina nyingine, .bin. Nani ana dawa?

Shemeji Bora
Samahani hii jukwaa la excel? Faili la michango ya harusi limebadilisha namba zote za simu, sifuri ya mwanzo haipo. Kamati wananiita mwizi.

Bint Sataranji
Leo sifuri inawanyoosha wote 😂 Shemeji seti hiyo safu iwe maandishi kwanza ndo uandike namba.

Shemeji Bora
Ubarikiwe dada. Na wale waliochanga bila kuandika jina nifanyeje?

Mla Kete
Ndo maana mimi nacheza bao. Mashimo 32, kete 64, mzee anakumbuka mchezo wa juzi kichwani na anakwambia ulipokosea kutakata, yaani kucheza zamu bila kula. Hakuna faili.

Fundi Simu Mbagala
Bao nani anacheza siku hizi, kijiweni ni drafti na vizibo vya soda

Mla Kete
Drafti ya vizibo usiiweke sentensi moja na bao. Hujui hata kunamua, kule kuingiza kete za akiba mwanzo wa mchezo, wewe.

Mzee wa Gambiti
Jamani turudi kwenye mada, kuna mtu anajua kurudisha faili lililosevuliwa juu?

kijana_wa_e4
Mla Kete hilo bao la mninga siku hizi bei gani? Nataka la mashimo makubwa

Mla Kete
Njoo PM. Ila kama unataka la mvule nalo lipo, zito kidogo.