9-1-1: tsunami ya msimu wa 3 au meli ya msimu wa 7, tuanze na ipi?

Mwana_Tudor
Jamani, Ijumaa baada ya Isha twakutana kwa ami yangu Majengo kuangalia 9-1-1, tamthilia ya Marekani ya zimamoto na polisi wa uokoaji. Muda ni wa hadithi moja tu. Kuna wanaotaka tsunami ya msimu wa 3 (2019), kuna wanaotaka ile meli ya kitalii inayopinduka, msimu wa 7 (2024). Wengi hawajawahi kuiona tamthilia yenyewe. Mwasemaje?

Bi_Kisauni
Tsunami, wala usiulize mara ya pili. Buck, yule zimamoto, hayuko kazini, bado yuko kwenye dawa za kuzuia damu kuganda. Kamchukua Christopher, mtoto wa mwenzake Eddie, wakajifurahishe kwenye gati la Santa Monica. Bahari ikawajia juu. Hana sare, hana redio, hana wenzake wa kituo cha 118. Ana mtoto wa watu tu na paa la gari la zimamoto lililokwama majini, na bado anavuta wengine wapande. Kisha mtoto anamponyoka. Hapo ndipo hadithi inapoanza hasa, na mwisho sisemi.

Nahodha_Mtongwe
Meli, yakhe. Sie watu wa feri. Mwaka 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka wakafa watu 272, na huku kwetu kila nyumba ina la kusimulia. Athena, askari polisi, na mumewe Bobby, mkuu wa kituo cha 118, wamo ndani, wako fungate, mara dari ndiyo sakafu. Angela Bassett na Peter Krause, waigizaji wao, hapo wanaigiza kwa macho tu. Wenzao nao wanawafuata kwa helikopta na kimbunga kinavuma. Ila wale maharamia wa mwanzo, mh, warukeni.

Bi_Kisauni
Waisifu halafu wasema turuke?

Nahodha_Mtongwe
Hata pilau nzuri huachi kutoa iliki mdomoni, Bi.

Muuguzi_Likoni
Mie huziangalia hizi kwa jicho la kazi, nyumbani washanikataza kusema. Kwenye tsunami, Buck akitafuta huku damu inamtoka, hilo ni sawa kabisa: mtu wa dawa zile, mkwaruzo mdogo tu damu haikatiki upesi. Kinachoniudhi ni kukandamiza kifua cha mtu aliyesimama moyo, na si tamthilia hii peke yake. Viwiko vimekunjwa, mkono unacheza juu ya shati. Inatakiwa mikono inyooke, kifua kishuke sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Najua hawawezi kumfanyia hivyo mwigizaji mzima, atavunjika mbavu. Lakini watoto wanaoangalia wasije wakaiga.
Kura yangu tsunami.

Kombo_wa_Mji_wa_Kale
Mbona hakuna aliyetaja Chicago Fire? Pale zimamoto anazima moto. Huku kwenu kila msimu ukifunguka Los Angeles inamalizika.

Mwana_Tudor
Kombo, tulisema mbili.

Mzee_Bamburi
Tarehe 26 Desemba 2004 mie nilikuwa ufukweni, Jumapili, watu tele. Askari wakaja kututoa majini, wengine wakawacheka. Kumbe tetemeko lilikuwa limetokea kule Sumatra tangu asubuhi, na mawimbi yako njiani. Kwa hivyo nilipoona ile sehemu, lililonikaa si wimbi, ni wale watu wanaosimama kutazama. Sie twajua bamvua na maji mafu, yaani maji makubwa na madogo ya mwezi, maji ya hapa yana saa zake. Ukiyaona yamekupwa wakati si wake, usitoe simu kupiga picha, toa miguu.

Nahodha_Mtongwe
Mzee kaniziba mdomo. Haya, tsunami.

Mwana_Tudor
Imepita basi. Tuanzie sehemu ya 2 moja kwa moja?

Bi_Kisauni
La! Anza ya 1, wimbi linaingia mwishoni mwake, halafu ya 2 na ya 3. Na umwambie ami yako achaji betri mapema, stima ya huko naijua.