Naomba ushauri: kilima nakipata, mama ananishinda kumchora

Ndugu zangu, naombeni msaada. Nachora kwa rangi za mafuta, na karibu kila picha yangu hutoka sehemu mbili: kilima ninachokiona dirishani na watu wa nyumbani. Kilima hakinisumbui. Nimekichora alfajiri, mchana na jua likizama, na kila mara kivuli chake kina rangi mpya. Mchoraji Mfaransa Paul Cézanne aliurudia kuuchora mlima Sainte-Victoire kwa miaka mingi, kwa hiyo sioni aibu kurudia.

Shida ni mama. Nikimkalisha nimchore anakakamaa, uso unakuwa wa kitambulisho. Nikitumia picha ya simu anafanana, lakini si yeye. Namtaka vile anavyoinama kumfunga mwanangu kamba za viatu, jambo la sekunde chache tu. Mwaka 1872 mchoraji mwingine Mfaransa, Berthe Morisot, alimchora dada yake akimtazama mwanawe mchanga aliyelala. Utulivu ule ndio ninaoutafuta.

Je, nianze na michoro ya haraka ya penseli, au nizoeze kumbukumbu? Na rangi ya ngozi kwenye mwanga wa dirishani mnaichanganyaje isipauke? Mama anazeeka, nisingependa kuchelewa.