Naombeni ushauri: jeni za DREB kwenye mahindi, majibu hayatulii

Jani Kavu: Wakuu habari zenu, nipo masters, nasoma familia ya jeni za DREB kwenye mahindi, zile zinazotoa protini za kuwasha jeni zingine mmea ukikosa maji. Nimechagua 6, nikanyima miche maji siku 7, nachuma jani napima RNA, yaani nakala zinazotoka jeni ikiwaka, kwa mashine ya PCR, sasa kuna moja inapanda vizuri kabisa halafu nikirudia jaribio haisogei hata kidogo. Mashine nimehakiki iko sawa. Miezi 3 nimekwama na hii kazi naipenda kweli, nakosea wapi?

Mama Praima: Pole mdogo wangu. Ulijuaje vyungu vyote vimekauka sawa? Siku 7 sio kipimo, mche mkubwa unamaliza maji haraka, unakuta siku ya tano mmoja majani yameshajiviringisha kama mkeka na jirani yake bado yamekunjuka. Pima uzito wa chungu kila siku. Na jani nalo lipime likiwa bichi, kisha liloweke lishibe maji upime tena, kisha likaushe kwenye oveni, hapo utajua lilikuwa na maji kiasi gani ulipolichuma. Halafu unachuma saa ngapi? Baadhi ya hizo jeni zinapanda na kushuka kwa saa za siku hata maji yakiwepo.

Kijana wa Benchi: Naongezea hapo, praima zako, vile vipande vifupi vya DNA vya kuidakia jeni kwenye PCR, zimekaa wapi? Kama ni kwenye kile kipande cha AP2 basi unadaka na ndugu zake, kile wote wanafanana, zihamishie mwishoni mwa jeni kwenye UTR, ile sehemu isiyotengeneza protini. Na jeni ya kulinganishia, ile inayotakiwa isibadilike, usitegemee aktini peke yake, ukame unaweza kuiyumbisha nayo, weka mbili au tatu.

Jani Kavu: Mama Praima nilikuwa nachuma nikipata nafasi tu, leo asubuhi kesho jioni 😔 na aktini ndio hiyohiyo moja. Swali lingine, msimamizi anataka nizime jeni moja kwa CRISPR, ule mkasi wa kukata DNA, tuone mmea utanyauka, inatosha?

Mzee Shina: Moja unaweza usione kitu kijana, ndugu zake wanaibebea kazi. Lenga sehemu wanazofanana uzime mbili tatu kwa mpigo. Na mkiamua kuizidisha badala ya kuizima msiiwashe muda wote, DREB1A ya Arabidopsis, ule mmea mdogo wa maabara, ikiwaka saa zote mmea unadumaa, watafiti wakaiwekea promota (swichi) ya jeni ya rd29A inayoamka mmea ukipata shida ndio ukakua vizuri, ilichapishwa 1999, itafute uisome yote.

Jani Kavu: Shukrani sana wakuu. Mizani nimeshaazima, kesho saa 3 asubuhi naanza na vyungu.