Bacula (programu ya nakala rudufu) inakataa kuweka lebo kwenye tepu za seva ya zamani

Swali
Wakuu, tepu za LTO-6 (aina ya tepu za sumaku za kuhifadhia data) zilizotoka kwenye seva nyingine ya Bacula zinagoma. Nikitoa amri `label barcodes` (huweka lebo kwa kufuata barcode za tepu), najibiwa kwamba tayari zina lebo. Katalogi mpya (hifadhidata ya Bacula inayoorodhesha tepu) haizijui kabisa.

Jibu 1
Bacula husoma mwanzo wa tepu kwanza. Ikikuta lebo yake, haiandiki juu. Ni kinga hiyo, si hitilafu. Ukiwa na uhakika data haihitajiki (haitarudi!), toa `umount` ndani ya bconsole (dirisha la amri za Bacula) ili iachie drayvu, pakia tepu kwenye drayvu, kisha kwenye terminali ya seva rudisha tepu mwanzo na ufute lebo kwa `weof`:

`mt -f /dev/nst0 rewind`
`mt -f /dev/nst0 weof`

Halafu `mount` ndani ya bconsole, na urudie `label barcodes`.

Jibu 2
Angalia pia Archive Device (mpangilio unaoiambia Bacula drayvu ya kutumia) isiwe `/dev/st0`. Hiyo hurudisha tepu mwanzo kila inapofungwa, kwa hiyo uandishi unaofuata unaweza kufuta lebo uliyoiweka sasa hivi. Ni `nst0` tu.

Jibu 3
Kwa tepu iliyomo kwenye katalogi, `weof` haihitajiki: tumia `purge volume` (hufuta kumbukumbu za tepu kwenye katalogi), kisha `relabel` (huweka lebo mpya). Tepu isipokuwa na hali ya Purged au Recycled kwenye katalogi, Bacula itakukatalia.