Kaka anaapa uraia wa Marekani Novemba, mahari ya mdogo wetu Desemba. Atafika Mwanza?

NyegeziKona
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Naombeni ushauri, tena wa haraka.

Kaka yetu yuko Houston miaka mingi. Usaili wa uraia amefaulu, sasa ameitwa kula kiapo Ijumaa tarehe 14 Novemba. Tiketi alikata kabla barua haijafika: anaruka tarehe 28 kupitia Addis Ababa, Dar, halafu huku. Tarehe 6 Desemba tunapokea mahari ya mdogo wetu hapa Nyegezi. Baba hayupo tena, na baba mdogo wa Magu ameshasema bila kaka mkubwa kukaa pale ng'ombe hawahesabiwi.

Kaka anasema siku ya kiapo wanachukua ile kadi ya kijani ya ukaazi. Atabaki na cheti cha uraia pamoja na pasipoti ya Tanzania ambayo muda wake haujaisha. Je, atoke na pasipoti yetu, arudi na cheti? Tiketi yenyewe ni ya bei chee, pesa hairudi.

SatoWaKuchoma
Atoke na ya Tanzania tu dada, nani atamkagua? Shemeji yangu alifanya hivyo akapita.

MzeeKirumba
Binti yangu, huyo Sato msikilize kwenye habari za samaki.

Nimeishi kule kabla ya kurudi nyumbani. Marekani wakati wa kutoka hakuna dirisha la kugongewa muhuri, ndiyo maana watu hujisifu "nimepita". Kesi inaanza kurudi. Pale Dar kwenye kaunta ya ndege ataulizwa viza, kadi ya kijani au pasipoti ya Marekani. Hana hata kimoja. Cheti cha uraia hakipandishi mtu ndege, na sheria yao inamtaka raia atoke na aingie kwa pasipoti ya Marekani. Itabidi akapange foleni ubalozini kuomba pasipoti huku kazi inamsubiri Houston.

La pili ndilo watu hawapendi kulisikia. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa kwetu unakoma. Hiyo pasipoti yenye miaka iliyobaki, jioni ya tarehe 14 si yake tena. Akiitumia pale uwanja wa Julius Nyerere anajitafutia kosa. Aje kama mgeni, kwa viza. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

NyegeziKona
Shikamoo mzee. Sasa pasipoti ya Marekani itapatikana kwa wiki mbili?

TiketiMakongoro
Kwa posta usitegemee. Ya kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Ya haraka, ukiongeza dola 60, ni wiki 2 hadi 3, na siku za bahasha kuwa njiani hazimo humo. Ada ya mara ya kwanza ni dola 130 na 35 za kupokelewa fomu. Fomu ni DS-11, anaipeleka mwenyewe na anasaini mbele yao. Wanachukua cheti halisi pamoja na nakala. Cheti kinarudishwa baadaye kwa bahasha yake peke yake, asishtuke pasipoti ikitangulia.

Bahati yake anakaa Houston, pana ofisi yenyewe ya pasipoti. Wanahudumia kwa miadi wanaosafiri ndani ya siku 14. Kutoka kiapo hadi ndege ni siku 14 kamili, kwa hiyo akitoka ukumbini apige simu hapo hapo, aende na tiketi mkononi. Aangalie pia tarehe 27 ni Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, ofisi zinafungwa. Nimeshuhudia wateja wakipata, nimeshuhudia wakikosa nafasi ya miadi. Tiketi nisingeiamini mpaka kitabu kiwe mfukoni.

KigongoBusisi
Mbona hamsemi njia rahisi? Aombe kusogezewa kiapo. Anaandika kueleza sababu, anarudisha barua ya mwito, anapangiwa siku nyingine. Asikae kimya tu na kutokwenda, maana asipotokea zaidi ya mara moja bila sababu nzuri wanahesabu ameacha. Anakuja na kadi yake na pasipoti yetu, anaingia kama Mtanzania, viza halipi. Akirudi, siku ya kiapo fomu itamuuliza kama alisafiri baada ya usaili. Ajibu ukweli, si kosa.

MzeeKirumba
Hiyo ndiyo ningeichagua mimi. Ana mali yoyote huku?

NyegeziKona
Ana kiwanja Buswelu, hati ina jina lake.

MzeeKirumba
Basi hilo ni zito kuliko tiketi. Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa kawaida haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi ila kwa uwekezaji. Amwone wakili KABLA ya kiapo.

NyegeziKona
Nimeongea na kaka usiku kucha. Kiapo hasogezi, kuna kazi ameomba inataka raia. Atajaribu ofisi ya Houston, na wakili tunamwona Jumatatu. Upande wa bwana harusi wamekubali tarehe 13 Desemba, ila wanasema ng'ombe wameshanunuliwa, malisho ya wiki ya ziada ni juu yetu 😂. Viza ya kaka kuja nyumbani ikoje?

TiketiMakongoro
Kwa Mmarekani ni dola 100, ya kuingia mara nyingi ndani ya mwaka, kila safari isizidi siku 90. Aombe mtandaoni, visa.immigration.go.tz. Ahakikishe inaishia go.tz, kuna tovuti za kufanana zinazotoza zaidi. Akichelewa, atalipia akitua Dar. Jina kwenye tiketi lilingane na pasipoti mpya, hasa kama anabadilisha jina siku ya kiapo. Na Addis akikaa zaidi ya saa 12 atadaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

SatoWaKuchoma
Kumbe. Shemeji yangu alikuwa hajaapa bado, nimemuuliza.

Pasiansi2
Na mimi mwanangu kazaliwa Texas, ana miaka 16, ana pasipoti zote mbili...

KigongoBusisi
Fungua uzi wako mkuu. Kabla hajafikisha 18 mna muda wa kuongea.