Naomba ushauri: melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi) ya unyayo, dawa itangulie upasuaji?

Ndugu zangu, salaam. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 63, alitokwa na doa jeusi chini ya kisigino, ambalo kwa zaidi ya mwaka mmoja lilitibiwa katika zahanati moja kama fangasi, mpaka likafikia upana wa sarafu ya shilingi 200, kingo zake zikitambaa kama wino uliomwagikia karatasi. Kinyama kilichopelekwa maabara kimeonyesha melanoma, na sasa ana mtoki mgumu kinenani. Inaniuma sana, kwa kuwa kwetu sisi watu weusi saratani hii huanzia zaidi nyayoni na chini ya kucha, mahali pasipopigwa na jua, na bado tunaambiwa ni ugonjwa wa Wazungu.

Nimesoma utafiti uliochapishwa mwaka 2023, wenye wagonjwa 313: kati ya waliopewa dozi 3 za pembrolizumabu (mojawapo ya dawa zinazoamsha kinga ya mwili ipambane na saratani) kabla ya upasuaji, asilimia 72 walifikisha miaka 2 bila ugonjwa kurudi wala kuendelea, ilhali walioanzishiwa dawa baada ya upasuaji walikuwa asilimia 49. Hata hivyo, melanoma ya unyayo huitikia dawa hizi kwa kiwango kidogo kuliko ile ya ngozi iliyochomwa na jua.

Upasuaji umepangwa baada ya wiki mbili. Je, nimwombe daktari auahirishe ili dawa itangulie? Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa aina hii aliipata wapi hapa Tanzania, kwa gharama gani kwa dozi, na je, bima ilichangia?